Tajiri Asiye na Shamba

Ukiambiwa mgonjwa wako amelazwa Sewahaji, huulizi ni wapi. Unajaza uji kwenye chupa, unapanda gari la Muhimbili, na ukifika getini unafuata watu wenye vikapu. Jina hilo limezoeleka midomoni mwa watu wa Dar es Salaam kama Mwaisela na Kibasila, wodi za jirani. Kibasila tulimsoma shuleni katika habari za Maji Maji. Sewahaji hatukumsoma. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni jina la ugonjwa, maana kila aliyesemwa yuko Sewahaji alikuwa hoi.

Kumbe ni mtu, na jina lake ni maneno mawili: Sewa Haji. Sewa Haji Paroo, Mhindi wa Bagamoyo, aliyezaliwa 1851 na kufariki 1897, tajiri ambaye katika miaka yake ya mwisho karibu hakuna msafara mkubwa uliotoka pwani kwenda bara bila mkono wake kuonekana mahali fulani, kwenye kitambaa, kwenye baruti, au kwenye mgongo wa mpagazi.

Nilianza kumfuatilia baada ya kuhamia Mapinga. Ukishaivuka Bunju umeiaga Dar es Salaam na kuingia mkoa wa Pwani, na Mapinga ndiyo inayokupokea, halafu Kerege, Zinga, Kiromo, hadi Bagamoyo mjini. Huku kwetu maongezi ni viwanja. Dalali anakuonyesha bikoni iliyozama kwenye nyasi, anakuapia kwamba hati ipo na nguzo ya umeme ile pale unaiona kwa macho. Anayeitwa tajiri Mapinga ni mwenye eka. Basi nikajiuliza, huyu Mhindi wa Bagamoyo eka zake zilikuwa wapi? Jumba la ukoo wake lilisimama kwenye shamba gani?

Swali hilo lilinipeleka mbali, hadi Bengali, kwa sababu picha ya bwana wa Kihindi mwenye jumba la mababu wengi wetu tumeitoa huko. Mwaka 1793 Waingereza, wakiongozwa na Gavana Mkuu Cornwallis, waliweka mpango wa kodi ya ardhi usiobadilika. Mwenye kukusanya kodi kwa wakulima akafanywa mwenye ardhi, mradi afikishe kiasi kile kile serikalini kila mwaka. Huyo ndiye zamindari. Alichobakiza kilikuwa chake, na kwa alichobakiza akajenga. Majumba yale yana mpango wake. Kuna ukumbi wa ibada wenye matao marefu ukitazama uani, kuna ua wa ndani wa akina mama, na kuna kachari, chumba cha makarani, ambako mkulima huja na kodi yake mkononi na kichwa kimeinama. Ukilisoma jumba la zamindari kutoka lango hadi nyuma unaona shamba lilivyogeuka nguzo. Ardhi iko maili nyingi kutoka pale, lakini kila tofali limetoka kwenye mpunga wa mtu.

Sewa Haji hakuwa Mbengali. Jamaa zake walitoka Kutch, upande wa pili kabisa wa India, magharibi, nchi ya ukame ambayo watu wake waliona bahari inalipa kuliko jembe. Kaskazi ikivuma majahazi yao yalishuka Unguja, kusi ikianza yakarudi. Walikuja na maneno yao pia, nasi tukayapokea bila kuyatoza ushuru: pesa, laki, gari, chapati. Familia ya Paroo walikuwa Makhoja wa dhehebu la Ismailia. Walifungua biashara Unguja, kisha wakavuka mlango wa bahari hadi Bagamoyo, mahali ambapo njia ya Tabora na Ujiji ilikuwa inagusa maji.

Kwa nini hawakununua mashamba, wakati Waarabu wa Unguja walikuwa wanatajirika kwa karafuu? Sehemu kubwa ya jibu ni mtu mmoja anayeitwa Rigby, balozi wa Uingereza Unguja kuanzia 1858. Mashamba ya wakati ule yalilimwa na watumwa. Mwaka 1860 Rigby aliwatangazia Wahindi kwamba wao ni raia walio chini ya himaya ya Uingereza na kwa hiyo ni marufuku kwao kumiliki watumwa, akawalazimisha kuwaachia huru maelfu. Watu wa Kutch walijitetea kwamba wao wana mtawala wao, Rao, si raia wa Malkia. Hakuwasikiliza. Shamba bila watumwa katika uchumi ule lilikuwa pori tu. Hivyo Mhindi akakaa upande ambao sheria haikumfuata. Alikopesha. Mwenye minazi alipotaka fedha alikuja dukani, akaweka shamba rehani, au akaliuza kwa beikhiyari, yaani ameuza lakini ana hiari ya kulikomboa muda ukifika. Muda ulipofika mara nyingi fedha haikuwepo. Kwa njia hiyo Mhindi asiye na jembe akajikuta na makaratasi ya mashamba ya watu, ingawa wanaolima na kuvuna walibaki wale wale.

Sitaki kumfanya Rigby shujaa, wala kumsafisha mfanyabiashara. Mkopo uliotoka Mtaa wa India ulinunua bunduki za gumegume na baruti, na bunduki hizo bara zilifanya kazi tunayoijua.

Ardhi ya kweli ya Sewa Haji, basi, ilikuwa njia. Wanyamwezi wakimaliza kuvuna kwao walishuka pwani na pembe za ndovu, na mvua za kupanda zilipokaribia walitaka kurudi, tena wasirudi mikono mitupu. Maelfu kwa maelfu walipiga kambi Bagamoyo, na mzigo wa kila mmoja ulikuwa frasila mbili hivi, zaidi ya kilo thelathini, akitembea nao miezi miwili mitatu hadi Tabora. Mwenye kuwapata wapagazi hao alikuwa na ufunguo wa bara. Mwarabu aliyetaka kwenda Ujiji, mmisionari aliyetaka kwenda Uganda, Mzungu wa ramani na darubini, wote walifika kwenye kizingiti kimoja. Pale walipata merikani na kaniki, shanga za rangi inayotakiwa na nchi wanayoiendea (ukikosea rangi umekula hasara, kwa maana watu wa bara walikuwa na mitindo yao inayobadilika kama ya mjini leo), waya za shaba za masango, na kirangozi wa kuongoza msafara. Walilipa baadaye, pembe ziliporudi.

Mteja mmoja alituachia maandishi. Henry Morton Stanley aliingia Bagamoyo Februari 1871, akimtafuta Livingstone, akakwama pale wiki sita hivi kwa kukosa wapagazi. Katika kitabu alichotoa mwaka uliofuata anatumia kurasa kadhaa kumlalamikia kijana wa Kihindi anayemwita Soor Hadji Palloo, na wanahistoria wanamtambua kuwa ni huyu huyu Sewa Haji, wakati huo ana miaka ishirini. Anamtuhumu kumwandikia nguo nyingi kuliko zile alizowapa wapagazi. Wakagombana, Mzungu akatoa vitisho, kijana akajitetea, na mwisho wa yote Stanley akaondoka Machi na wapagazi aliowapata kwa kijana yule yule. Nikisoma kurasa zile huwa nacheka kidogo. Stanley anadhani anatusimulia habari za mwizi. Mimi namwona mgeni mwenye haraka mbele ya mtu asiye na haraka yoyote. Hesabu yenyewe ilikuwa ya doti, kipimo cha yadi nne za kitambaa, neno ambalo mama zetu bado wanalo wakinunua khanga.

Sasa twende kwenye nyumba zenyewe. Bagamoyo ina majengo makubwa yanayopigwa picha na wageni. Kuna Ngome Kongwe, iliyoanza mwaka 1860 kama makazi ya Mwarabu Abdallah Marhabi kabla haijawa ya askari wa Sultani na baadaye gereza. Kuna Boma la Wajerumani lililokamilika 1897, ambalo upande wake uliporomoka kwa mvua za El Niño. Kuna misheni ya Wakatoliki iliyoanza 1868, ambako mwili wa Livingstone ulilazwa usiku wa Februari 1874. Yote hayo nayaheshimu. Lakini ukitaka kuiona mali ya watu kama Sewa Haji, acha kutazama juu, tembea Mtaa wa India ukitazama usawa wa macho.

Nilienda siku ya kazi, asubuhi, kabla jua halijawa kali. Kuna nyumba ukuta wake umebanduka lipu kiasi cha mlango mzima, na pale ndipo pa kujifunzia. Ndani ni mawe ya matumbawe, yasiyochongwa sawa, yenye vitundu vya wadudu wa bahari waliokufa kabla ya mji kuwepo. Yamepachikwa kwa udongo mwekundu na chokaa. Nilisugua kwa kidole, ikatoka unga kama wa muhogo. Chokaa hiyo ilichomwa hapa hapa pwani: matumbawe yanapangwa juu ya lundo la magogo, yanawashwa moto, yakiiva yanamwagiwa maji na kuachwa miezi yapoe. Mwashi wa zamani hakuwa na haraka na chokaa mbichi. Ukuta unene wake unakaribia mkono wangu kutoka ncha ya kidole hadi kiwiko, na ndiyo sababu ndani pana ubaridi hata adhuhuri.

Juu yako ni boriti, miti ya mikoko iliyokuja kwa majahazi, mingi ikitoka delta ya Rufiji. Boriti haizidi mita tatu hivi kabla haijalegea. Kwa hiyo mkoko ndio uliopima chumba cha Mswahili, cha Mwarabu na cha Mhindi sawasawa: chumba kinaweza kuwa kirefu kama ujia, lakini upana ni ule ule wa mti. Tajiri alipotaka nafasi zaidi aliongeza idadi ya vyumba, upana hakuweza kuununua. Juu ya boriti hupangwa mawe, kisha sakafu ya chokaa na kokoto, ikapondwa na kundi la watu kwa vibao siku kadhaa, wakiimba ili mapigo yaende pamoja. Wimbo ukikatika sakafu inapasuka, ndivyo wanavyosema mafundi, nami sina sababu ya kuwabishia.

Tofauti ya nyumba ya Mhindi iko mbele. Nyumba ya Mwarabu mkubwa inaupa mtaa mgongo: ukuta mweupe, madirisha madogo yaliyo juu, mlango mmoja mzito wenye miimo iliyochongwa minyororo na maua na mfaa katikati kama uti wa mgongo. Ukipita kizingiti unakutana na daka, unaketi, unasubiri. Nyumba ya Mhindi inaupa mtaa uso. Sehemu ya chini karibu yote ni mlango, vipande vya mbao vinavyokunjwa pembeni asubuhi mpaka chumba na barabara vinakuwa kitu kimoja. Mbele yake baraza yenye paa la mabati na nguzo za mbao. Nyuma ya duka ni bohari, nyuma ya bohari ni ua, na familia inaishi huko uani au ghorofani, kwenye roshani yenye mbao zilizotobolewa nakshi, ambako mama wa nyumba anamwona kila anayepita naye haonekani. Milango iliyobaki yenye nakshi upande huu ni ya miraba midogo midogo, na kila mraba una msumari wa shaba. Katika mlango mmoja nilihesabu matundu kumi na moja matupu. Misumari imeng'olewa, nadhani na watu wa vyuma chakavu.

Kachari ya zamindari iko ndani, baada ya lango na walinzi, kwa sababu mkulima lazima aje, apende asipende. Kachari ya Bagamoyo iko barabarani kabisa, kwa sababu mpagazi na kirangozi wanaweza kwenda duka la pili. Karani alikaa chini, mguu umekunjwa, daftari la Kigujarati gotini, huku harufu ya pembe mbichi na nguo mpya ikitoka bohari nyuma yake. Jumba lote la tajiri lilikuwa limejipanga kuuzunguka ule mlango wa kukunja. Nyumba za namna hii alikuwa nazo nyingi, Bagamoyo na Dar es Salaam pia.

Mwaka 1888 kidogo kila kitu kiishe. Kampuni ya Wajerumani ilikodi pwani kutoka kwa Sultani, ikapandisha bendera Agosti, na watu wa pwani wakainuka. Septemba manowari Leipzig ikaipiga mizinga Bagamoyo. Nyumba za makuti ziliungua. Wahindi wengi walipakia walichoweza wakavuka kwenda Unguja, nyumba zao za mawe zikabaki na makufuli. Abushiri, aliyewaongoza walioinuka, alinyongwa Pangani Desemba 1889. Mwezi huo huo Emin Pasha, aliyetoka kuokolewa bara na Stanley, alianguka kutoka ghorofani usiku wa karamu hapa Bagamoyo, akaponea chupuchupu. Wafanyabiashara walikuwa wamesharudi na kufungua milango yao.

Wajerumani walimkuta Sewa Haji ana wapagazi nao hawana. Wakaelewana. Lakini miaka ile ya 1890 yeye akaanza kutoa, na namna alivyotoa ndiyo inayonifanya nimwandike. Jengo lake la orofa tatu Bagamoyo alilikabidhi serikali ya Kijerumani liwe shule, kwa sharti kwamba lipokee watoto bila kujali rangi wala kabila. Shule ya namna hiyo haikuwepo katika koloni lile. Dar es Salaam alitoa fedha za hospitali ya Waafrika na Wahindi, iliyoanza 1897. Hesabu ya rangi ilikuwa wazi: Mzungu alikuwa na hospitali yake Ocean Road, ufukweni, yenye upepo. Na wasia wake ulielekeza mapato ya mali yake yawasaidie wagonjwa, wakiwemo wenye ukoma wa Bagamoyo.

Watu huuliza kama alikuwa anatubu. Mimi naona jambo la karibu zaidi. Mali yake ilikuwa madeni, nguo na nyumba za mjini, na alishaona mwelekeo wa upepo. Makao makuu yalikwishahamishiwa Dar es Salaam mwaka 1891 kwa sababu Bagamoyo haina bandari yenye kina. Zamindari akifa shamba linabaki, mjukuu ataendelea kuvuna mpunga. Deni la msafara linakufa na msafara. Alifariki 1897, na haikupita miaka kumi reli ya kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam. Ilifika Morogoro 1907, Tabora 1912, Kigoma 1914. Mzigo wa maelfu ya migongo ukawekwa kwenye mabehewa, na Mtaa wa India ukanyamaza. Wenye nyumba wakahamia kule reli ilikoanzia.

Yaliyofuata yanakwenda sambamba na Bengali kwa namna ya ajabu. Mwaka 1950 Bengali ya Mashariki, ambayo leo ni Bangladesh, ilitunga sheria ya kufuta uzamindari, na majumba yale yakabaki bila kodi, yakaanza kuota magugu kwenye matao. Kwetu, mwaka 1963 Tanganyika ilifuta umilikaji wa ardhi wa moja kwa moja. Aprili 1971 ikaja sheria ya kutaifisha majengo ya kupangisha yaliyozidi thamani ya shilingi 100,000, mengi yakiwa ya Wahindi, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Huko walichukua ardhi, huku tulichukua vyumba. Kila nchi ilimnyang'anya bwana kile alichokuwa anakitegemea. Bagamoyo yenyewe, hata hivyo, ilikuwa imeshafilisika zamani kabla ya Msajili kuwa na kalamu.

Hospitali ya Sewa Haji ilihudumia mji hadi miaka ya hamsini, ilipojengwa mpya kwa jina la Princess Margaret, iliyofunguliwa 1956. Baada ya uhuru jina la binti mfalme likaondoka, ikawa Muhimbili. Jina la Mhindi likabaki kwenye wodi.

Niliporudi Mapinga jioni ile nilimkuta fundi wangu anapima msingi. Kiwanja changu si kikubwa, ila kimegusa barabara ya mtaa. Alikuwa amekwishanyoosha kamba, akaniuliza vyumba viwe na upana gani. Nikasema mita tatu, bila kufikiri, kisha nikasimama pale nikiikumbuka mikoko ya Rufiji, wakati nondo ninazo na ningeweza kusema hata tano. Hakujali.

"Ila bosi," akaniambia akionyesha mbele kwa mwiko, "hapa barabarani usipaache hivi hivi. Piga fremu mbili, wewe ukae nyuma."

Nikamwuliza milango ya fremu iweje.

"Ya kukunja," akasema.